Haidrenjia, iksora au plumbago: upi unaifaa bustani ya Mombasa?

Haidrenjia inayonunuliwa Mombasa ikiwa imechanua hupendeza kwa wiki kadhaa, kisha maua hukauka, na kuanzia hapo mmea hubaki majani matupu. Mwenyewe atamwagilia, atatia samadi, atakata huku na kule, na mwaka utazunguka asione hata tumba moja. Wengi huishia kusema mkono wao hauna baraka ya maua. Mkono hauna kosa. Mmea ule umekosa kitu ambacho Mombasa haina cha kuupa, na mara nyingi hata kile kidogo uliokuja nacho kimeondolewa na mkasi.

Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye baraza, roshani au kipande cha uwanja mahali kama Tudor, Nyali, Likoni au Mikindani, anayetamani yale maua ya duara yaliyojaa, au ile rangi ya samawati, na hajui atie pesa zake wapi. Haidrenjia nitaiweka upande mmoja. Upande wa pili nitaweka iksora, inayoikaribia kwa sura, na plumbago, inayoikaribia kwa rangi. Bogenvilia na pentasi zitapita mwishoni, kwa kuwa kuna nyumba ambazo zinazihitaji hizo kuliko zote.

Msimamo wangu nautanguliza. Hapa Mombasa, haidrenjia inunuliwe kama unavyonunua shada la maua: unajua itapendeza kwa muda na unaridhika na muda huo. Anayetaka kupanda kitu kikae, kichanue mwaka huu na mwaka ujao, achague kati ya iksora na plumbago. Na akishafika hapo, rangi isiwe ndiyo ya kuamua. Aangalie udongo alio nao na mtu atakayeshika mkasi.

Baridi ambayo hatuna

Haidrenjia ya madukani, ile ya vichwa vya duara, kwa jina la kitaalamu ni Hydrangea macrophylla, na asili yake ni Japani. Ua lake halitengenezwi mwezi ule linapofunguka. Tumba huanza kujiumba ndani ya ncha ya tawi miezi mingi kabla, na aina nyingi haziianzi kazi hiyo mpaka zipate wiki sita hivi au zaidi za usiku wenye nyuzijoto chini ya 18. Limuru na Tigoni, huko juu kwenye mashamba ya chai, baridi hiyo huja yenyewe, na ndiyo maana utakuta kichaka kikubwa cha haidrenjia kando ya nyumba ambayo wenyewe hata hawakishughulikii. Mombasa, hata Julai na Agosti kusi inapovuma na watu wametoa mashuka mazito, usiku kwa kawaida hubaki kwenye nyuzijoto 20 hivi au zaidi. Mmea unaendelea kuota majani kwa sababu hakuna kilichouambia usimame.

Kwa hiyo chungu unachokiona dukani kimechanua kimelelewa kwenye baridi, na matumba yake yalikwisha kujiumba kabla hakijapakiwa kuteremka pwani. Unanunua kazi iliyofanywa kwingine. Wako wanaouliza kama kuuhifadhi mmea kwenye chumba cha kiyoyozi kutasaidia. Siwashauri. Chumba kile kina giza kwa mmea, hewa yake ni kavu, majani yanaungua kingo, na utitiri, wale wadudu wadogo wasioonekana vizuri kwa jicho, hupenda sana majani yaliyo katika hali hiyo.

Iksora haina habari na baridi. Asili yake ni India na Sri Lanka, na joto letu ni joto la kwao. Jua likiwapo na udongo ukiwa sawa, vishada vyake vyekundu, vya manjano, vya waridi au vyeupe huja kwa mafungu mwaka mzima. Kila kishada ni vijiua vingi vyembamba vyenye petali nne, vimesongamana mpaka vinafanya duara. Kwa mtu aliyependa haidrenjia kwa sababu ya ule ujazo wake, hapa ndipo pa kutazama kwanza. Plumbago imetoka Afrika Kusini na haichagui sana. Utaiona Nairobi na utaiona Mombasa, na kote inachanua.

Jiwe lililo chini ya bustani

Chimba kidogo tu Nyali, Bamburi au kisiwani kwenyewe, na jembe litagonga matumbawe. Ukanda huo umekaa juu ya miamba ya matumbawe ya kale, yaani chokaa, na ndilo jiwe lililochimbwa Bamburi kutengenezea saruji. René Haller alipoanza kuyarudishia uhai machimbo yale mwaka 1971, alipanda miti juu ya mwamba uliobaki wazi. Mvinje ndio ulioshika vizuri. Majani yake membamba yakaanguka, majongoo yakayala na kuyageuza mbolea, na udongo ukajengeka polepole juu ya jiwe mpaka pakawa msitu, ambao leo tunauita Haller Park. Nakitaja kisa hiki kwa sababu mwenye bustani ya Nyali ana kazi ileile kwa udogo wake. Udongo mzuri juu ya matumbawe unatengenezwa kwa majani makavu na samadi, tabaka juu ya tabaka, na asiyetaka kuutengeneza apande kile kinachokubali jiwe.

Udongo wa matumbawe una kipimo cha pH kinachopita 7, yaani hauna asidi. Haidrenjia na iksora zote mbili ni mimea ya udongo wenye asidi. Kwa haidrenjia watu wengi wanalijua hilo, lakini kwa iksora hawalijui, maana wameizoea kuiona kila hoteli na kila mtaa. Ndiyo sababu malalamiko ya iksora ni mengi kuliko inavyostahili.

Kata jani changa la iksora iliyopandwa karibu na ukuta uliopakwa chokaa, uliinue juani. Nyama ya jani ni ya manjano, pengine inakaribia weupe kwenye ncha, lakini mishipa bado ni ya kijani na inahesabika. Sasa tazama jani la zamani chini ya tawi hilohilo: ni kijani kizima. Mmea hauna kiu wala haudai samadi. Madini ya chuma yamo udongoni, ila chokaa imeyafunga na mizizi haiwezi kuyanyonya. Na kwa kuwa mmea hauwezi kuyahamisha madini hayo kutoka majani ya zamani, majani machanga ndiyo yanayoumia kwanza. Ukitia mbolea ya CAN hapo unaongeza kalsiamu juu ya chokaa. Ulizia kwenye duka la pembejeo mbolea ya chuma inayofaa udongo wa chokaa, uinyunyizie majani na kuimwaga shinani. Bora zaidi, iondoe iksora karibu na ukuta na uiweke mbali na vipande vya saruji vilivyobaki wakati wa ujenzi. Nyumba nyingi mpya, mafundi hufukia mabaki yao palepale bustanini, na mmea unalipa.

Plumbago kwenye udongo huohuo inaweza kupauka kidogo, lakini itachanua. Mtu wa kisiwani asiyependa kuhangaika na mbolea za chuma amepata jibu lake.

Mambo hubadilika ukielekea bara. Mazeras haijakaa juu ya matumbawe bali juu ya jiwe la mchanga, na huko iksora hupata kijani chake kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo ushauri wa mtu wa Mazeras kwa mtu wa Bamburi unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado usifae. Uliza kwanza mtoa ushauri anaishi wapi.

Sasa rangi, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wengi. Haidrenjia ya samawati na ya waridi zinaweza kuwa mmea mmoja. Penye asidi, pH ikiwa chini ya 5.5 hivi, alumini iliyomo udongoni huyeyuka, huingia mmeani, hukutana na rangi iliyomo kwenye ua, na ua linakuwa samawati. pH ikipita 6.5, alumini imefungika na ua linatoka waridi. Katikati yake hupatikana zambarau. Nyeupe haibadiliki. Chai nayo inataka udongo wa asidi, na hapo utaelewa kwa nini haidrenjia za Tigoni ni za samawati bila mtu kuzitia chochote. Kwenye udongo wetu wa matumbawe, samawati ya haidrenjia haipatikani ardhini, hata ukijitahidi vipi. Chokaa ni nyingi kuliko dawa yako.

Kwenye chungu inawezekana kuibadilisha, na kitu chenyewe kiko dukani kwa bei ndogo: shabu, ile ile wanayotumia vinyozi. Ndani yake mna alumini. Saga, yeyusha kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji, na umwagilie kila baada ya wiki mbili udongo ukiwa tayari umelowa, kwa sababu shabu kwenye mizizi mikavu huunguza. Usichanganye na mbolea ya DAP, maana fosforasi yake huifunga alumini. Lakini zingatia jambo moja: shabu hubadilisha rangi ya maua yajayo, yale ambayo matumba yake yanakua. Haiwezi kugeuza ua lililokwisha kufunguka, wala haiwezi kuleta ua pasipo na baridi. Kwa Mombasa hiyo ina maana ukinunua chungu chenye matumba yaliyofumba, una nafasi ndogo. Ukinunua kilichofunguka chote, rangi uliyoiona ndiyo uliyopata.

Mchanganyiko wa chungu, uwe wa haidrenjia au wa iksora, naupenda hivi: sehemu mbili za udongo mwekundu kutoka bara, sehemu moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu, na sehemu moja ya majani makavu ya mvinje au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi yana hila yake hapa pwani. Yaliyowahi kulowekwa kwenye maji ya bahari ili kutoa nyuzi za kamba huja na chumvi. Yasuuze kwa maji ya mvua mara kadhaa kabla ya kuyatumia. Na mchanga wa ufuoni usiingie kabisa. Una chumvi na una vipande vya makombe, ambavyo ni chokaa tena.

Mkasi

Hapa ndipo mimea hii mitatu inapoachana.

Haidrenjia ya vichwa vya duara huchanua kwenye matawi ya zamani. Shika tawi lililomaliza ua, uteremke nalo kwa vidole kuanzia kwenye kichwa kilichokauka. Kwapani mwa majani ya kwanza mara nyingi hamna kitu cha maana. Ukifika jozi ya pili au ya tatu utagusa macho mawili manene, yaani vitumba, yamekaa pande mbili za tawi yakielekeana, ya kijani au mekundu kidogo. Hayo ndiyo yenye tumaini la maua yajayo. Kata kidogo tu juu yake, kwa mkasi mkali wa kupogolea, na uyaache. Kazi hii ifanywe mara tu maua yanapoisha, isicheleweshwe miezi. Mmea uliokwisha kukomaa, wa miaka mitatu na kuendelea, unaweza kuondolewa theluthi ya matawi yaliyozeeka zaidi, yakakatwa chini kabisa ili mapya yapate nafasi. Tawi lililokauka likatwe siku yoyote.

Anayekuja na panga au mkasi wa fensi akasawazisha kichaka kiwe duara safi ameondoa macho yote kwa dakika chache. Hata Limuru kichaka hicho hakitachanua mwaka huo.

Kuna jambo lingine linalowapoteza wasomaji wa huku. Ushauri mwingi wa haidrenjia umeandikwa Uingereza na Marekani, na baadhi yake unasema ukate mmea karibu na ardhi mwishoni mwa baridi, Februari au Machi. Ushauri huo ni wa aina nyingine, Hydrangea paniculata na Hydrangea arborescens, ambazo huchanua kwenye matawi mapya ya mwaka huohuo. Mimea hiyo ni ya nchi zenye majira ya baridi kali. Tena Februari na Machi kwetu ni kilele cha joto la kaskazi. Ukikata haidrenjia ya duara hadi chini mwezi huo, umeipiga mara mbili: umeondoa macho yake, na umeyaacha machipukizi laini kwenye jua lisilo na huruma.

Iksora huchanua kwenye ncha ya tawi jipya. Kila ncha uliyoikata kwa wakati wake inatoa mbili, na kila moja kati ya hizo inaweza kubeba kishada. Hivyo kupogoa kunaisaidia, mradi uchague saa. Subiri fungu la maua liishe, kata kila tawi juu ya jozi ya majani yenye afya, ondoa theluthi moja kwa urefu usizidishe, kisha uache. Kosa linalofanywa Mombasa nzima ni kuinyoa iksora kila wiki mbili ili fensi iwe tambarare. Ncha zinaondoka kabla hazijachanua, na mwenye nyumba anabaki na ukuta wa kijani, anauliza maua yamekwenda wapi. Amua moja: unataka fensi iliyonyooka au unataka maua. Iksora hukua polepole, kwa hiyo tawi lililokatwa mpaka kwenye sehemu ngumu isiyo na jani litakusubirisha sana.

Plumbago inapenda kukatwa. Ukiiacha inatambaa, inaegemea kile kilicho karibu, inapita mita mbili na katikati yake inajaa vijiti vikavu. Ikate mpaka usawa wa goti masika inapokaribia kuanza, na mvua ikishika utaona matawi mapya yakitoka shinani, na maua kwenye ncha zake. Baada ya hapo unaipunguza kila maua yanapochoka. Mtu mwenye panga hataiharibu. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu nyumba nyingi za Mombasa zina mtunza bustani mmoja anayezunguka kwenye nyumba kadhaa kwa wiki, na hana muda wa kutafuta macho kwa vidole. Ikiwa ndiyo hali ya kwako, haidrenjia itakutia huzuni na iksora itanyolewa. Chagua plumbago, ulale.

Mkasi wowote ufutwe kwa spiriti kutoka mmea mmoja kwenda mwingine. Magonjwa mengi ya bustani husafiri kwenye chuma.

Maji, chumvi na jua

Haidrenjia ni mnywaji mkubwa. Wakati wa kaskazi, chungu chake cha ukubwa wa ndoo kinaweza kukauka kwa siku moja, na kwa anayenunua maji ya mkokoteni kwa mitungi ya lita 20 hilo si jambo la kupuuza. Kuna kitu kimoja kitakuokolea maji na mmea pia. Saa saba mchana majani yake hulegea na kuning'inia hata udongo ukiwa umelowa, kwa sababu jani linapoteza maji kuliko mizizi inavyopandisha. Tia kidole udongoni kabla ya kushika kopo. Kukiwa na unyevu, ngoja jioni, majani yatasimama yenyewe. Wanaomwagilia kila wanapoona jani limelegea ndio wanaoiozesha mizizi.

Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yasiguse haidrenjia wala iksora ya chunguni. Chumvi hujikusanya, kingo za majani hugeuka kahawia, na mtu anadhani ni kiu akaongeza maji yaleyale. Kinga maji ya mvua kwenye pipa wakati wa masika. Ni safi, hayana chokaa, na kwa mimea hii miwili ni dawa kuliko mbolea nyingi. Plumbago ikishashika mizizi inatosheka na kumwagiliwa kwa wingi mara moja au mbili kwa wiki, na iksora iko katikati.

Upepo nao uhesabiwe. Nyumba inayotazama bahari hupigwa na kusi moja kwa moja, na upepo huo hubeba chumvi. Ni ajabu, maana kwao Japani haidrenjia hii ni mmea wa maeneo ya pwani na huvumilia upepo wa bahari kiasi. Lakini chumvi pamoja na joto letu pamoja na chokaa ni mzigo mwingine. Mbele ya bahari, weka bogenvilia mbele na vingine vyote nyuma yake.

Kuhusu jua sitasema mengi. Haidrenjia ipate jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne, kisha kivuli chenye mwanga. Baraza inayotazama mashariki ndiyo mahali pake. Iksora na plumbago zinataka jua la kutosha, nusu ya siku au zaidi, na ukiziweka kivulini utapata majani marefu na maua machache.

Mbuzi na watoto

Mitaa yetu mingi mbuzi hutembea watakavyo. Majani ya haidrenjia yana sumu inayoweza kumdhuru mbuzi au paka akiyala kwa wingi, kwa hiyo chungu kiwe juu, ndani ya geti. Iksora haina neno. Plumbago ina utomvu unaoweza kuwasha na kutoa malengelenge kwenye ngozi. Vaa glavu ukiikata. Pia vikombe vya maua yake vinanata, na hung'ang'ania nguo na nywele za kila apitaye karibu, kwa hiyo isipandwe kwenye kichochoro cha kuingilia nyumbani wala pale unapoanika nguo.

Wengine wawili wanaostahili kutajwa

Bogenvilia si mbadala wa haidrenjia kwa sura, lakini kwa ukuta mkavu, udongo mbaya na maji ya shida hakuna inayoishinda. Ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyogeuka rangi; ua lenyewe ni kile kijiua cheupe katikati. Huchanua zaidi ikinyimwa maji kidogo, na anayeimwagilia kila siku hupata miiba na kijani. Ikate baada ya kila fungu la maua.

Pentasi ni ya kwetu, Afrika Mashariki. Vishada vyake vya vinyota ni vidogo kuliko vya iksora, ila vipepeo huvijia kutwa nzima, na kwenye uwanja wenye watoto sioni mmea wenye thamani zaidi. Baada ya miaka michache shina lake huwa gumu na maua hupungua. Kabla haijafika hapo kata vijiti vichanga, vichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini, na utakuwa na mimea mipya bila kununua. Na kama unachotafuta ni harufu zaidi ya sura, basi acha haya yote upande asumini, upate ya kutia kwenye kikuba jioni. Katika mimea yote niliyoitaja, hakuna nyingine inayolifanya hilo.

Kwa nyumba ya aina gani?

Ghorofa Tudor au Kizingo, roshani yenye kivuli mchana: haidrenjia moja ya chungu, ukiikubali kama mgeni. Maua yakiisha, ukipata mtu anayepanda Nairobi au Limuru, mpelekee mmea wako. Huko utachanua tena, na ni heri kuliko kuutazama ukiwa majani mwaka mzima. Roshani yenye jua: iksora fupi kwenye chungu, kwa mchanganyiko ule wa udongo mwekundu, mvinje na samadi.

Nyumba ya chini Nyali, Bamburi au Likoni, juu ya matumbawe, mbali kidogo na bahari: plumbago ardhini, kwa wingi, mistari miwili kama nafasi ipo. Samawati yake ni nyepesi kuliko ya haidrenjia ya Tigoni, lakini ni samawati ya kweli, haihitaji shabu wala baridi. Ukitaka duara nyekundu pamoja nayo, iksora iwe chunguni. Kuchimba shimo kwenye matumbawe na kulijaza udongo mzuri hufaa kwa muda tu, kisha chokaa ya pembeni inaingia.

Mikindani, Mazeras na kuendelea bara: iksora ardhini bila woga, ya fensi au ya kusimama peke yake.

Ukienda kwenye kitalu cha kando ya barabara kununua iksora, usivutwe na ile yenye maua mengi. Tafuta yenye majani machanga ya kijani, maana ukiona manjano yenye mishipa ya kijani tayari imelelewa kwenye udongo wa chokaa na itakuja nayo nyumbani. Inua mfuko utazame chini: mizizi iliyotoboa na kujizungusha ni mmea uliokaa kitaluni mno. Geuza jani utafute vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba, hasa kwenye makwapa ya majani. Vikiwa vichache maji ya sabuni yatavimaliza, vikiwa vingi urudishe. Nunua mvua za Aprili zinapoanza, siyo Januari, ili masika ifanye kazi ya kumwagilia mpaka mizizi ishike, na mwezi wa kwanza usiikate hata ncha moja.